Siku Ndege ya Samaki Haikuja

Kazi yangu ilikuwa kufunga samaki hai. Nikimwambia mtu hivyo hufikiri nazungumzia samaki wa kula, ndagala au mukeke, kisha hushangaa nikimweleza kwamba samaki wetu hawakuliwa na mtu. Walikuwa wadogo, wengine hawafikii urefu wa kidole, wa manjano, wa buluu, wenye mistari kama soksi za wachezaji mpira. Waliishi kwenye miamba ya ziwa Tanganyika, na Wazungu waliwanunua ili wawaweke sebuleni kwenye masanduku ya kioo na kuwatazama. Mama yangu, kule Uvira, alikufa bila kuliamini jambo hilo. Alidhani nina kazi nyingine ninayoona haya kuitaja.

Aliyewakamata ni mume wangu, akisaidiana na mwenzake aliyekua naye Rumonge. Walizama na mpira mdomoni, mpira mrefu uliotoka kwenye mashine ya hewa iliyokaa ndani ya mtumbwi, wakawasukuma samaki polepole mpaka kwenye wavu mwembamba. Walikaa kusini majuma kadhaa, kwenye miamba, kisha walirudi Kajaga ambako kulikuwa na nyumba ya kampuni: banda refu lenye matangi ya saruji, pampu ya kuvuta maji ya ziwa, na chumba changu cha kufungia. Ndipo tulipokutana mimi na mume wangu. Alikuwa mtu wa kucheka, na kwa kuwa kuzama kulikuwa kumemharibu masikio, alicheka kwa sauti kubwa kuliko alivyojua. Nilimzoea hivyo. Hata siku ya harusi yetu padri alilazimika kumrudia maneno.

Samaki hao walikuwa na sheria zao. Kabla ya safari hawali, maana wakila wanachafua maji na maji machafu yanawaua. Unamweka kila mmoja kwenye mfuko wa plastiki wenye maji kidogo, unajaza hewa ya mtungi, unafunga kwa raba, kisha unapanga mifuko kwenye maboksi meupe mepesi yanayozuia joto. Baada ya hapo wanaweza kuvumilia siku mbili hivi, si zaidi. Ndani ya siku hizo lazima wawe wameruka na kufika Ulaya na kufunguliwa. Uwanja wa ndege uko karibu na Kajaga. Tulizisikia ndege zikitua tukiwa kazini, na mimi nilipenda kuisikia ile yetu ikija, kwa sababu nilijua kazi ya mikono yangu itaondoka siku hiyohiyo.

Mwaka ule mafuta yalikuwa yamepotea Bujumbura. Magari yalilala kwenye foleni za vituo mpaka majani yakaota kando ya matairi. Petroli iliuzwa kwa chupa, imevushwa kutoka Kongo kwa njia ya Gatumba, na hukujua umenunua nini mpaka uiwashe. Mwenye kampuni aliishi Ulaya na alituongoza kwa simu. Alikuwa amepata mteja aliyetaka samaki wa chini kabisa, wale wasiopatikana kwa urahisi, na mume wangu na mwenzake walikuwa wamewatafuta karibu mwezi mzima. Mwenzake alirudi na usaha sikioni. Mume wangu alirudi amekonda, lakini ana furaha, kwa kuwa karibu wote walikuwa wamefika wazima.

Asubuhi ya safari nilifunga tangu kulipopambazuka. Adhuhuri tulipakia maboksi kwenye gari la kampuni, lililokuwa na mafuta ya kufika uwanjani tu, na mume wangu akaenda nayo. Mimi nilibaki kuosha matangi. Nilisikiliza ndege, sikuisikia, nikafikiri labda pampu ndiyo iliyonizuia kusikia.

Alasiri niliona baiskeli zinakuja kwa mstari kwenye njia ya mchanga, kila moja na maboksi yetu nyuma, na mume wangu anatembea mbele yao.

"Nini tena, papa?" nilimuuliza mume wangu.

"Ndege haikuja."

"Imeharibika?"

"Apana. Ku Ethiopia kuko mulima umepasuka. Majivu imepanda juu, ndege hazipite. Ile yetu imebakia kule ilikotoka."

Niliangalia juu bila kufikiri. Mbingu ilikuwa imefuliwa na mvua ya jana yake. Ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo ilionekana mpaka vijia vyake. Mmoja wa wenye baiskeli, aliyewahi kuishi Goma, alisema yeye anaujua moto wa mlima, ukiwaka unauona na unaunusa, kwa hiyo huo wa Ethiopia ni maneno ya watu wa uwanja waliochoka kufanya kazi. Mume wangu alikuwa ameshaanza kushusha maboksi na kuyaweka kivulini.

Tulimpigia mwenye kampuni. Alisema ameona habari hiyo kwenye televisheni, na kwamba labda kesho njia itafunguliwa. Tusifungue mifuko. Tungoje.

Tuliamka tukangoja. Nilifungua boksi moja kuangalia, nikaona samaki wamepanda juu ya maji ya mifuko yao, midomo inafunguka na kufungika haraka. Wawili walikuwa wamegeuka tumbo juu. Kutoka uwanjani simu ilisema leo pia hakuna, na kesho hawajui. Mwenye kampuni alipopokea habari hiyo alisema tuwarudishe kwenye matangi. Nikamwambia umeme umekatika tangu jana jioni na jenereta haina mafuta. Pampu haifanyi kazi, na tangi lisilo na maji yanayotembea ni sawa na mfuko mkubwa.

Mume wangu aliichukua simu mkononi mwangu. "Tutawapeleka mu ziwa," alimwambia. "Mu vizimba vya nyavu. Watangoja mule mpaka ndege irudi."

Lilikuwa wazo zuri, nalisema mpaka leo. Tatizo lilikuwa tope. Kipindi kile cha mvua mto Rusizi ulikuwa umejaa, na maji yake mekundu yalikuwa yameenea upande wetu wote. Juu ziwa lilikuwa kama chai ya maziwa. Maji safi yalikuwa chini, mbali na ufuko, na vizimba vilipaswa kushushwa huko na kufungwa kwenye mawe, kimoja kimoja, polepole, samaki wasiumie. Mwenzake hakuweza kuzama kwa ajili ya lile sikio. Kwa hiyo alizama mume wangu peke yake.

Tulikuwa watatu kwenye mtumbwi. Mwenzake alipiga kasia, kisha tulipofika mahali pake akakaa na mashine ya hewa. Mimi nilifungua mifuko niliyoifunga jana yake na kuwamimina samaki kwenye vizimba. Petroli ya mashine ilikuwa chupa chache tulizokusanya kwa majirani. Mume wangu alizama na kizimba cha kwanza. Nilitazama mpira ukishuka na mapovu yakipanda. Alirudi, akapumzika akiwa ameshika ubavu wa mtumbwi, akachukua kingine.

"Wanafanya nini kule chini?" nilimuuliza mara moja.

"Wanapumua," alisema, akacheka ile sauti yake kubwa.

Kila mara alikaa chini muda mrefu kuliko mara iliyotangulia. Mwenzake alimwambia apumzike vizuri, wasifanye haraka, lakini mifuko iliyobaki ilikuwa inakufa mbele ya macho yetu, naye aliona. Sikumwambia kitu. Nilikuwa nahesabu waliokufa na kuwatupa majini, na ndege weupe wa ziwani walikuwa wanawachukua.

Alikuwa chini na kizimba cha mwisho mashine ilipokohoa. Mwenzake aliikimbilia, akafungua, akapuliza, akavuta kamba. Ilikohoa tena, ikazimika. Aliivuta tena na tena. Mimi nilikuwa nimeushika mpira, na niliusikia ukilegea mikononi.

Alitokea mbali kidogo na mtumbwi, kwa kasi, kama kitu kilichotupwa kutoka chini. Damu ilikuwa inamtoka puani. Tulimvuta ndani.

"Imezima?" aliuliza.

"Imezima," mwenzake alijibu. "Ulipanda mbio sana."

"Hewa iliisha. Ningefanya nini?"

Alikuwa mzima. Nalisema hili kwa sababu watu wengi wameniuliza. Alikaa, akajifuta pua, akauliza kama kizimba cha mwisho kimefungwa vizuri, akajijibu mwenyewe kwamba ndiyo. Njiani alisema bega linamuuma na ngozi inamwasha. Tulipofika ufukoni alishuka kwa miguu yake, akatembea mpaka kwenye banda, akakaa kwenye kiti, nikampa wali na maharage, akala. Akaniambia nimletee shati. Nilipokuja nalo nilimkuta ameshika mapaja yake kwa mikono miwili, anayakanda.

"Mama," aliniambia kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea kwake, "miguu siko naisikia."

Mwenzake alikuja mbio. Alimbana kidole cha mguu kwa kucha zake, mume wangu akamwangalia tu, hakusikia kitu. Mwenzake akanivuta pembeni.

"Shemeji, tumurudishe chini," alisema. "Ni hewa imemuingia mu damu. Akirudi kule chini na mpira, halafu apande polepole kabisa, itatoka. Niliona mutu mu Nyanza-Lac alipona vile."

Sikujua kama ni kweli. Mpaka leo sijui. Nilimuuliza mume wangu, akasema, "Ndiyo, anipeleke, mi nataka." Lakini petroli ilikuwa imekwisha. Mwenzake alichukua baiskeli akaenda mpaka barabara ya Gatumba, akagonga nyumba moja baada ya nyingine. Mimi nilibaki namkanda miguu kwa mafuta ya mawese. Ilikuwa mizito na ya baridi. Yeye alikuwa anatazama ziwa, jua likianza kushuka upande wa Kongo, na kila baada ya muda aliuliza kama mwenzake anaonekana.

Mwenzake alirudi na chupa moja. Tulimbeba mume wangu tukamlaza kwenye mtumbwi, mwenzake akajaza mashine na kuvuta kamba. Haikuwaka. Alivuta mpaka kiganja kikachubuka. Kisha akamimina kidogo mkononi, akapeleka puani, akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Ni maji," alisema. "Wamechanganya maji."

Alikaa chini ndani ya mtumbwi karibu na mume wangu, akaweka kichwa juu ya magoti. Mume wangu alinyoosha mkono akamgusa mgongoni. Mawimbi yalikuwa yanagonga mbao, na mimi nilikuwa nimesimama majini, nguo imelowa mpaka kiunoni, nimeshika mtumbwi usiende.

Jirani mwenye baa ya pale pwani alikuwa na gari lenye mafuta kidogo aliyoyaficha kwa ajili ya mke wake mjamzito. Ndiye aliyetupeleka hospitali. Sitasahau kwamba hakusita.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alimpima, akamchoma kwa sindano kutoka kwenye nyayo kwenda juu, akiuliza, "Hapa? Na hapa?" Alifika karibu na kitovu ndipo mume wangu aliposema anasikia. Kesho yake asubuhi aliniita nje, tukasimama kwenye veranda.

"Vipovu vya hewa vimeumiza uti wa mgongo," aliniambia. "Kuko mashine, ni kama chumba cha chuma. Mutu anawekwa ndani, hewa inasukumwa, ile vipovu inapungua. Ingekuwa haraka, pengine angesimama."

"Iko wapi hiyo mashine, dokta?"

"Hapa Burundi hakuna. Iko nchi za pwani, mbali."

"Basi tumupeleke."

"Kwa barabara atachelewa. Na ndege hazijarudi, mama. Hata zingekuwepo, kupanda juu angani kungeweza kumuongezea. Ilitakiwa ndege maalumu." Alishika mkono wangu. "Sitaki nikudanganye."

Nilimshukuru. Nilitaka anidanganye kidogo, lakini nilimshukuru. Kutoka pale kwenye veranda uliliona ziwa lote na milima ya ng'ambo, na mbingu haikuwa na doa. Nilifikiria majivu hayo ambayo sikuwahi kuyaona, wala kuyagusa, wala kujua ni ya rangi gani. Nilijaribu kuyachukia, nikashindwa. Huwezi kuchukia kitu usichokijua sura.

Nilirudi kitandani kwake nikamwambia kwamba daktari amesema tungoje. Alinitazama mdomo kwa makini, kama alivyofanya watu walipoongea kwa sauti ya chini.

"Wale samaki, wako aje?" aliniuliza.

Siku chache baadaye njia ilifunguliwa. Mwenye kampuni alipiga simu, akalia aliposikia habari ya mume wangu. Alilia kweli, nilimsikia anavuta pumzi. Akasema atafanya kila awezalo. Kisha akauliza kama vizimba viko salama, kwa sababu ndege inakuja na mteja bado anangoja. Alitafuta mafuta kwa njia zake, yakapatikana siku hiyohiyo, mazuri, meupe. Mwenzake alizama na sikio lake bovu, akavipandisha vizimba kidogo kidogo, akivisimamisha njiani kwa muda mrefu ili samaki wasidhurike. Karibu wote walikuwa hai.

Niliwafunga mimi. Watu wameniuliza niliwezaje, na dada yangu alinisema vibaya kwa hilo. Hapakuwa na mwingine anayejua, na mikono yangu ilikuwa inajua. Niliweka maji, nikaweka hewa, nikafunga raba. Walikuwa wazuri sana siku ile, wamekaa kwenye maji safi, rangi zao zimekolea. Alasiri nilikuwa hospitali nambadilishia shuka mume wangu ndege ilipopita juu yetu. Hakuisikia. Niliona kikombe cha chai kinatetemeka juu ya kimeza, nikakishika.

Alikaa hospitali mpaka walipotuambia hakuna zaidi watakachofanya. Mwenye kampuni alituma kiti cha magurudumu, kizuri, chenye breki. Kajaga ni mchanga mtupu, magurudumu yalizama. Kabla mwaka haujaisha kampuni ilifungwa, maana mteja yule na wengine walianza kununua kwa watu wa nchi nyingine ambako ndege na mafuta havikosekani. Matangi yamekauka, mwenzake aliniambia kuna mbuzi wanaolala humo siku hizi. Yeye mwenyewe alirudi Rumonge. Alikuja kututembelea mara ya mwisho, akakaa kwenye mkeka, wakatazamana muda mrefu na mume wangu, na maneno yaliyotoka yalikuwa ya mvua na bei ya vitu. Hajarudi tena, wala simlaumu. Kila alipomtazama aliona ile chupa ya maji.

Tulihamia Kinama, chumba kimoja nyuma ya nyumba ya dada yangu. Mwanzoni alikuja kijana wa kanisa aliyesomea kunyoosha viungo, akamfundisha kujiinua kwa kamba iliyofungwa kwenye boriti. Mume wangu alijiinua kwa bidii. Mikono yake ilikuwa bado ya mzamiaji, yenye nguvu, na nilianza kusema moyoni, pengine. Kisha vikaja vidonda vya mgongoni, vikapona, vikarudi. Homa ikaja na kuondoka. Siku moja nilimkuta ameifungua ile kamba na kuikunja vizuri, ameiweka chini ya kitanda.

"Ichukue," aliniambia. "Utafungia nayo kuni."

Nilitaka kumwambia asikate tamaa, neno ambalo kila anayekuja kumwona humwambia. Niliona ameshachoka nalo, nikalimeza. Nilichukua kamba.

Sasa nauza ndagala sokoni, wakavu, kwa kopo. Kila asubuhi namgeuza ubavu, namfuta, namwekea jagi la maji na redio karibu na mkono, ingawa yeye hasikii vizuri. Kitasa cha mlango wetu kimeharibika, na mtaa una wezi, kwa hiyo nafunga kwa kufuli la nje. Mara ya kwanza alisema hapendi kufungiwa kama mbuzi. Nilimweleza habari ya wezi. Siku hizi anageuza uso upande wa ukuta nikiwa bado natafuta ufunguo, naye hajui, au anajua, kwamba nasimama kidogo nje ya mlango na beseni langu la ndagala kichwani kabla sijaanza kutembea.